Glock 35 ya kaliba .40: niigeuze iwe 9 (milimita 9) au niiache ilivyo? (Walenga shabaha wa Arusha na Moshi tujadili)

Alfa_Njiro

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba mawazo yenu, hasa ninyi mlio Arusha na Moshi mnaopiga shabaha za mashindano kwa kanuni za IPSC (shirikisho la kimataifa la mchezo wetu).

Nina Glock 35, kaliba .40 S&W. Naimiliki kihalali na leseni iko hai. Niliipata kwa mzee mmoja wa hapa mjini aliyeacha mchezo kwa sababu ya macho, na uhamisho wa umiliki tulimalizia polisi. Bastola ni nzima, mtutu hauna hata ukungu, inapiga pale ninapoelekeza. Tatizo langu ni risasi zake.

Risasi za 9 hapa Arusha unazikuta. Unaingia duka lenye leseni na kibali chako mkononi, mnaongea bei, unatoka. Za .40 swali la kwanza ni kama zipo. Mara nyingi hazipo, na zikiwepo ni boksi chache zilizobaki, tena za kichwa cha kujilinda ambazo bei yake inakukatisha tamaa ya kuzitoboa nazo karatasi. Matokeo yake nazitunza kwa ajili ya siku ya mashindano. Mlenga shabaha anayetunza risasi hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi anakwenda kiwanjani kukamilisha idadi tu.

Kwa wageni wa mambo haya nieleze kidogo. Kaliba ya .40 S&W ilitoka mwaka 1990, kazi ya Smith & Wesson na Winchester, kipindi ambacho FBI ilikuwa inatafuta risasi yenye nguvu kuliko 9 lakini isiyorusha mkono kama 10mm Auto. Kimsingi ni 10mm iliyokatwa ganda likawa fupi. Kwa miaka mingi polisi wa Marekani wengi walibeba hiyo. Katikati ya miaka ya 2010 FBI wakarudi kwenye 9, vituo vingi vikawafuata, na viwanda vikaelekeza nguvu huko. Sisi wa huku mwisho wa mnyororo ndio tunaoonja matokeo yake kwanza.

Sasa kwa nini nisiachane nayo mara moja? Kwa sababu ya hesabu ya pointi. Nashindana daraja la Standard. Huko kuna kipimo cha nguvu: unachukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, unazidisha kwa mwendo wake kwa futi kwa sekunde, unagawanya kwa 1000. Ukifika 170 wewe ni Meja. Ukiwa chini ya hapo lakini umefika 125 wewe ni Maina. Kichwa cha greni 180 kwa mwendo wa futi 950 kinatoa 171, yaani Meja bila kuhangaika. Na kwa Standard, ili uhesabiwe Meja, kaliba isiwe chini ya milimita 10. Hiyo 9 hata ukiijaza baruti mpaka ilie, Standard itabaki Maina.

Tofauti yake iko kwenye karatasi ya shabaha. Kanda ya A wote tunapata 5. Kanda ya C mtu wa Meja anapata 4, wa Maina 3. Kanda ya D Meja 2, Maina 1. Nimepiga hesabu ya hatua (zoezi moja la mashindano linalopimwa kwa saa) yenye shabaha 12, risasi mbili kila moja, jumla 24. Chukua mtu wa kiwango changu: A 18, C 5, D 1. Akiwa Meja anapata 112. Akiwa Maina anapata 106. Tuseme anamaliza kwa sekunde 20: Meja ana pointi 5.60 kwa sekunde, Maina ana 5.30. Ili Maina afikie ile 5.60 inabidi amalize kwa sekunde 18.93. Yaani sekunde nzima na ushee, kwenye hatua moja. Wanaokimbia kiwanjani wanajua sekunde moja ni kitu gani.

Kwa hiyo nina njia tatu. Kwanza, niiache .40 nivumilie uhaba. Pili, ninunue mtutu wa kubadilishia wa 9 niuvalishe kwenye slaidi hii hii (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma ukipiga). Tatu, niitoe kabisa niombe upya leseni ya bastola ya 9. Hiyo ya tatu inanichosha nikiifikiria tu: kuanzia serikali ya mtaa, wilayani, mpaka juu.

Ninyi mngefanyaje? Nipeni hoja zenye uzito, nitazisoma zote.

Chalii_wa_Sakina

Geuza chalii wangu, unasubiri nini? Mtutu wa kubadilishia unaingia bila fundi, unatoa huu unaweka ule, dakika moja. Kuna watu wanauza mitandaoni, unaletewa mpaka mlangoni. Hata .357 SIG unaweza kuweka, hiyo ni mtutu peke yake, magazini zile zile.

Fundi_Themi

Alfa, uzi mzuri. Chalii, hapo kwenye mtutu kuingia umesema kweli nusu, acha nimalizie.

Kugeuza kutoka .40 kwenda 9 kunawezekana, na kugeuza kutoka 9 kwenda .40 hakuwezekani kirahisi. Sababu iko kwenye uso wa slaidi pale ganda linapokaa. Kitako cha ganda la .40 kina kipenyo cha karibu milimita 10.8, cha 9 ni karibu milimita 10. Slaidi ya .40 ina nafasi kubwa, kitako kidogo kinakaa ndani yake. Slaidi ya 9 ina nafasi ndogo, kitako kikubwa hakiingii mpaka uchonge chuma, na hapo umeshaiharibu silaha ya watu.

Lakini kukaa si sawa na kushikwa. Kitako cha 9 ndani ya uso wa .40 kina nafasi ya kuyumba. Ile kucha inayovuta ganda imetengenezwa kushika kitu kipana zaidi. Bastola nyingi zitafanya kazi, baadhi zitaanza kukubania ganda wima kwenye dirisha la slaidi kila baada ya magazini kadhaa. Kwenye mazoezi unalitoa unaendelea. Kwenye hatua, saa inatembea.

Mambo ya kuangalia ni haya. Mtutu uwe ule uliotengenezwa mahsusi kwa kubadilishia, ambao nje una unene wa .40 na ndani tundu la 9. Mtu asikuuzie mtutu wa kawaida wa Glock 34, ile ya 9, akakwambia ni kitu kile kile. Tundu la mbele la slaidi ya .40 ni kubwa zaidi, ule mtutu wa kawaida utacheza ndani na shabaha zako zitatawanyika. Magazini tumia za 9 zenyewe, zile za Glock 17 zinaingia kwenye fremu yako (mwili wa chini wenye mpini) bila shida. Magazini za .40 zinaweza kulisha 9 ukiwa na bahati, na mimi siwezi kumshauri mtu ashindane kwa bahati. Kile kipande cha ndani kinachopiga ganda litoke nje nacho kina umbo lake kwa .40, ukibadili uweke cha 9 utoaji wa maganda unatulia. Springi itategemea risasi utakayotumia, ukipata 9 laini slaidi inaweza kurudi kivivu.

Kuhusu .357 SIG: ni kweli ni mtutu tu, kwa sababu hiyo risasi ya mwaka 1994 imetokana na ganda la .40 lililobanwa shingo. Ila kichwa chake ni cha milimita 9, kwa hiyo Standard itahesabiwa Maina pamoja na mlio wake wote. Na kama .40 inakusumbua kuipata Arusha, .357 SIG utaitafuta mpaka uchoke.

Jambo moja la usalama, na hili nalisisitiza. Ukishakuwa na mitutu miwili kwenye begi moja, utakuwa na risasi za aina mbili kwenye begi moja. Risasi ya .40 haiingii kwenye chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) ya 9, hiyo itakukatalia. Ila ya 9 inaingia kwenye chemba ya .40, na inaweza kulipuka. Niliwahi kuletewa ganda la namna hiyo mezani: lilikuwa limepasuka kuanzia mdomoni karibu mpaka kitakoni, ubavu umefunguka, na pale kwenye mpasuko chuma kimekuwa cheusi kwa moshi. Mwenye bastola alinusurika bila jeraha. Wewe weka begi mbili, rangi mbili, na siku unayopiga moja nyingine ibaki nyumbani kwenye sefu.

Mwanasheria_Moshi

Wakuu, nimeona mchango wa "unaletewa mpaka mlangoni" ikabidi niingie. Tafadhali msimfuate huyo.

Silaha zetu zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Mtutu si holsta (mkoba wa bastola wa kiunoni) wala miwani ya kiwanjani. Ni sehemu kuu ya silaha. Ukiagiza kwenye kifurushi bila kibali, mtu wa forodha akafungua, kesi utakayokuwa nayo ni ya silaha, na utetezi wa "nilitaka kufanya mazoezi" hautakusaidia kitu pale dawati la mashtaka. Tanzania pia imo kwenye Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ya kudhibiti silaha ndogo, ambayo inataka silaha ziwekwe alama na kumbukumbu zitunzwe. Polisi wetu wanapokagua wanasoma namba.

Na hapo ndipo Glock inapokuwa na jambo lake. Alfa, fungua bastola yako sasa hivi, hakikisha kwanza haina kitu, utoe mtutu uutazame. Namba iliyopo kwenye fremu utaikuta kwenye slaidi, na utaikuta kwenye mtutu pia. Sehemu tatu, namba moja. Mtutu wa kubadilishia kutoka kiwanda kingine hauji na namba hiyo. Leseni yako inasema .40, chuma kinasema 9, na namba ya mtutu haipo. Askari anayekukagua barabarani hana wajibu wa kujua mambo ya Meja na Maina. Anachojua ni kwamba silaha iliyo mbele yake haifanani na karatasi.

Kuna jambo la pili watu hawalifikirii: kibali cha kununua risasi kinafuata silaha iliyoandikwa. Huwezi kwenda dukani na leseni ya .40 ukaomba risasi za 9. Duka linalojiheshimu halitakuuzia. Kwa hiyo hata ukipata mtutu kwa njia yoyote ile, bila kubadilisha kumbukumbu utakuwa na mtutu usio na risasi.

Ushauri wangu ni mfupi. Andika barua kwa Msajili wa Silaha kupitia kwa mkuu wa polisi wa wilaya yako kabla hujalipa hata shilingi kwa muuzaji. Ukipata jibu la maandishi, ndipo uzungumze na duka lenye leseni ya kuingiza silaha waagize wao.

Chalii_wa_Sakina

Mwanasheria, nimekuelewa mkuu. Nimeifuta kichwani hiyo ya kuagiza mwenyewe.

Dada_wa_Kiboriloni

Habari zenu kaka zangu. Mimi napiga Maina tangu nianze, bastola ya 9, na naomba niseme upande wa Maina kwa sababu naona hapa unaongelewa kwa huruma.

Kaka Alfa, hesabu yako ni sahihi, lakini umeipiga kwa mtu mwenye A 18, C 5, D 1. Chukua mtu huyo huyo baada ya kupata mazoezi ya kutosha. A 22, C 2. Meja anapata 118, Maina 116. Kwa sekunde 20 Meja ana 5.90. Maina anahitaji kumaliza kwa sekunde 19.66 ili walingane. Tofauti imeshuka kutoka sekunde moja na kitu mpaka theluthi moja ya sekunde. Ukiongeza A zako, Meja inapungua thamani. Ukipunguza A zako, Meja inakufichia makosa. Na A haziongezeki bila risasi za kupiga.

Halafu tazama magazini. Glock 35 yako inabeba 15. Magazini ya 9 inabeba 17. Kwenye hatua fupi ya risasi 12 hakuna tofauti. Kwenye ya 24 wote mnabadilisha mara moja. Lakini hatua ndefu ya risasi 32, wewe wa .40 unaanza na 15 na moja kwenye chemba, 16. Unabadilisha, 15 nyingine, 31. Imebaki shabaha moja, risasi moja, na huna kitu. Unabadilisha tena. Mwenye 9 ana 18, anabadilisha mara moja, 17, jumla 35, na bado ana tatu za kurekebishia makosa. Kubadilisha magazini mara ya pili ukiwa umesimama kunakula zaidi ya hiyo theluthi ya sekunde, labda uwe bingwa.

Na mkono. Ukitumia 9 ya greni 147 kwa futi 880, kipimo ni 129. Ukilinganisha na 171 yako umepunguza karibu robo ya msukumo. Sight (ile alama ya kulengea) inarudi haraka, risasi ya pili inatoka ukiwa umeiona, hukisii.

Kwa hiyo mimi nasema geuza, ila kwa njia ya Mwanasheria.

Alfa_Njiro

Dada asante sana. Hiyo ya hatua ya 32 imenigusa, kwa sababu ndiyo hali niliyo nayo na sikuwa nimeiweka kwenye hesabu. Fundi, nauliza: kuna mtu aliwahi kuniambia kuna viongezeo vya chini ya magazini za .40. Vinasaidia?

Fundi_Themi

Vipo. Lakini Standard bastola ikiwa na magazini ndani inatakiwa iingie kwenye boksi la milimita 225 kwa 150 kwa 45. Glock 35 kwa urefu tayari inalijaza boksi. Kwa kimo kuna nafasi, ila ipime na kila magazini utakayotumia, maana mwamuzi anaweza kukupima na magazini yoyote iliyopo kiunoni kwako. Na kila kiongezeo unachoweka kinataka springi ndefu zaidi. Nimeona magazini zenye viongezeo zikishindwa kusukuma risasi mbili za mwisho, na hizo ndizo ulizoongezea.

Mzee_wa_Kisongo

Vijana, salaam. Nimesoma yote.

Naomba niulize swali ambalo hamjamuuliza kijana. Bastola hii inashindana mara ngapi kwa mwaka? Mashindano ya hapa kwetu si ya kila wiki. Hata ukihesabu na safari ya kuvuka Namanga kwenda kwa majirani, bado ni siku chache. Siku zilizobaki zote ni za mazoezi, na mazoezi mengi ya bastola hayahitaji risasi.

Mimi nimefundishwa hivi, na ndivyo ninavyowafundisha wanaokuja kwangu. Chumba kimoja, risasi zote ziko chumba kingine, mlango umefungwa. Unahakikisha chemba ni tupu kwa macho na kwa kidole. Unaweka sarafu ya shilingi 200 juu ya slaidi, karibu na sight ya mbele. Unavuta kifyatulio. Sarafu ikianguka, risasi yako ingekwenda C. Unaiweka tena. Baadaye unafanya kuchomoa kutoka kwenye holsta, baadaye kubadilisha magazini ukiwa umezijazia risasi za plastiki za uzito ule ule. Kijana anayefanya hivyo kila siku kwa dakika kumi na tano, risasi chache za .40 atakazopata zinamtosha kuthibitisha kile ambacho mkono umeshajifunza.

Sisemi usigeuze. Nasema tatizo la uhaba wa risasi umelipa ukubwa kuliko lilivyo, kwa sababu umelichukulia kuwa ni uhaba wa mazoezi.

Na kuhusu Namanga: ukivuka na silaha unahitaji vibali vya pande mbili, na pale silaha inakaguliwa kwa namba. Usijaribu kuvuka na mtutu ambao haumo kwenye karatasi. Hapo mshike Mwanasheria mkono kwa mikono miwili.

Dada_wa_Kiboriloni

Shikamoo mzee. Nakubaliana na sarafu. Ila mzee, mazoezi makavu hayakufundishi kuvumilia msukumo. Mtu anaweza kuwa na sarafu isiyoanguka mwezi mzima, halafu .40 ya kwanza ikimrusha anafumba macho kwenye ya pili yake. Msukumo unajifunza kwa kupiga.

Mzee_wa_Kisongo

Marahaba binti yangu. Hilo ni kweli na silipingi. Ndiyo maana nilisema risasi chache, sikusema asipige kabisa. Ila kumbuka pia kwamba akifanya mazoezi na 9 halafu akaja kushindana na .40, msukumo aliouzoea si wa siku ile. Kwa hiyo achague mapema atashindana na ipi.

Mchezaji_Ngarenaro

Kuna aliyefikiria daraja la Open? Huko 9 inaruhusiwa kuwa Meja kwa kipimo cha 160. Akiweka mtutu wa 9 si anaweza kuhamia huko akapata vyote viwili?

Fundi_Themi

Hapana mkuu, na naomba mtu yeyote asijaribu. Meja kwa 9 maana yake ni risasi zilizojazwa kupita viwango vya kawaida vya kiwanda, zinazopigwa na bastola zilizojengwa kwa ajili hiyo, zenye kipunguza msukumo mbele ya mtutu na kioo cha nukta nyekundu juu. Kichwa cha greni 124 kinahitaji futi 1291 kwa sekunde kufika 160. Glock yenye mtutu wa kubadilishia haikujengwa kwa kazi hiyo. Na hizo risasi watu wa huko wanajitengenezea wenyewe. Huku kwetu kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, tusilifungue hapa.

Mwanasheria_Moshi

Hapo Fundi umefunga mlango vizuri.

Alfa_Njiro

Wakuu, nimesoma kila mchango. Niseme nilipofika.

Hesabu ya Dada imenibadilisha msimamo kuhusu Maina. Nilikuwa naiona 9 kama kushuka daraja, kumbe kwa mtu anayepiga A inakaribia kuwa sawa, na kwenye hatua ya 32 inaweza hata kuwa mbele. Kwa hiyo lengo langu ni 9, na nikifika huko nitashindana na 9 moja kwa moja. Mzee amenionyesha kwamba kufanya mazoezi na moja na kushindana na nyingine ni kujigawa.

Lakini sitaagiza mtutu kwanza. Nimefungua bastola kama Mwanasheria alivyoelekeza, na namba iko sehemu tatu, imechongwa safi kabisa, kwenye mtutu iko pale juu ya chemba inapoonekana kupitia dirisha la slaidi. Nilikuwa naisafisha kila mara bila kuitilia maanani. Nikiiangalia ile namba, naona wazi kwamba kugeuza bila barua ni kujitafutia balaa. Wiki hii naandika kwa Msajili kupitia kwa OCD. Jibu likiwa ndiyo, duka lenye leseni ndilo litakaloagiza mtutu, na Fundi nitakuomba uuvalishe, tubadilishe na kile kipande cha kutoa ganda.

Jibu likiwa hapana, sitalazimisha. Nitabaki na .40, Meja, sarafu ya Mzee kila jioni, na kila boksi litakalopatikana dukani nitalichukua.

Swali langu la mwisho kwa Mwanasheria: kwenye barua niombe nini hasa? Nibadilishiwe kaliba, au niongezewe mtutu wa pili kwenye leseni ile ile?

Mwanasheria_Moshi

Uliza yote mawili kwenye barua moja, lakini yatenganishe aya kwa aya ili anayejibu asiyachanganye. Aya ya kwanza, eleza silaha uliyo nayo: aina, namba, kaliba, namba ya leseni. Aya ya pili, eleza kwamba ni ya mashindano, utaje klabu unayopigia na uambatanishe barua ya klabu. Hiyo barua ya klabu ina uzito mkubwa, usiiache. Aya ya tatu, omba mwongozo kama mtutu wa pili wa kaliba 9 unaweza kuandikwa kwenye leseni hiyo pamoja na kuwekewa alama. Aya ya nne, omba kwamba kama hilo haliwezekani, uelekezwe utaratibu wa kubadili kaliba ya silaha nzima, na mtutu wa zamani ufanywe nini. Hili la mtutu wa zamani watu husahau. Ukibadili kabisa, ule wa .40 nao una namba na hauwezi kukaa tu kwenye droo ya kabati.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Ukijibiwa, tuletee mrejesho hapa, kuna wengine Moshi wana .40 na wanasubiri kujua.

Fundi_Themi

Na wakikubali, kabla ya mashindano yoyote piga risasi 200 za aina ile ile utakayoshindana nayo. Ukipata hata kwamo moja, andika ilikuwa magazini gani na risasi ya ngapi kutoka juu, kisha uniletee bastola pamoja na hiyo karatasi. Nikiwa nayo najua pa kuanzia kama ni magazini au ni kucha.

Alfa_Njiro

Nimepokea. Barua naipeleka Jumatatu asubuhi, nakala ya muhuri ikirudi nitaandika hapa.